Mashine Isiyokula Kicheko

Mmenichosha na simu. Tangu nirudi, kila anayenipigia anaanza na "pole na safari", na kabla sijaitikia anarukia, "Ehe, alikubali?" Nikisema nitasimulia tukikutana, mnanuna. Basi kaeni hapo. Nasimulia mara moja kwa wote, na atakayeniuliza tena nitampa michembe mikavu imkwame kooni.

Kwa mlioingia katikati: zaidi ya miaka ishirini sasa nafanya kazi ya filamu, na muda wote huo nimekuwa nikifuata jambo moja tu, wanawake na vita vilivyowapitia. Nimekaa na akina mama wa makambi ya Kigoma waliovuka mpaka na watoto mgongoni. Nimekwenda kusini hadi Ruvuma kwa wale waliokimbia ng'ambo. Lakini yote yalianzia kwenye filamu yangu ya kwanza, ile ya wajane watatu wa kijiji cha karibu na Tinde, ambao waume zao walikwenda vita vya Kagera na mgambo wa kijiji, wasirudi. Mnaijua. Ndiyo iliyonipa jina, na wengine wenu mliililia mpaka mkaazimana leso.

Katika wale watatu alikuwepo Mama Kabula. Siku ya mwisho ya kupiga picha alinishika bega akasema, "Mzaramo, kabla hujawaonyesha watu, nionyeshe mimi kwanza." Nikamwapia kabisa, "Wallahi, Mama Kabula, wewe wa kwanza." Nikaondoka. Nikaionyesha mjini, nikaionyesha ughaibuni, nikapigiwa makofi na watu wasiojua Tinde iko upande gani wa dunia. Mama Kabula hakuiona. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka ukawa na sababu zake.

Sasa vijana wetu wameandaa siku ya kuonyesha kazi zangu zote, na walitaka waanze na hiyo. Nikasema hapana. Safari hii haionyeshwi bila ruhusa yake. Akikubali, sawa. Akikataa naifungia kabatini na funguo natupa, hata kama ndiyo filamu yenyewe iliyonilisha. Ndiyo maana nikafunga safari, na kamera yangu, projekta ndogo, na shuka moja jeupe la kuonyeshea picha, nililolipiga pasi likanyooka kama karatasi. Hilo shuka mliweke akilini. Lilinitia aibu ambayo sijaimaliza.

Mbezi hadi Shinyanga, ambako sikuwa nakwenda

Ajuaye barabara ile atanicheka mapema. Ukitoka huku, Tinde unaifikia kabla ya Shinyanga mjini. Mimi nilikuwa nashuka Tinde. Nilimwambia kondakta, nikamwambia dereva, nikamwambia na jirani yangu wa kiti, mama mmoja mnene mcheshi anayeleta mchele Dar na kurudi na vitenge.

Kosa langu lilikuwa Singida. Basi lilisimama kula, na mimi nikakutana na kuku wa kienyeji aliyekaangwa vizuri, nikamla kama sitaonana naye tena. Tulipoondoka nikasema nifumbe macho kidogo tu. Nilipofumbua, nje kulikuwa na taa za mji na watu wanashusha mizigo.

"Tinde hii?" nikauliza.

"Tinde tumeiacha zamani," akasema jirani yangu bila wasiwasi wowote. "Hapa Shinyanga."

"Sasa mbona hukuniamsha, mwenzangu?"

"Ulikuwa unakoroma vizuri. Nikasema, huyu amechoka, dhambi kumwamsha. Mzaramo mwenyewe tangu lini akapata usingizi wa maana, usiku kucha yuko ngomani?"

Hapo nikajua nimefika. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za babu zetu. Anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akakutoza faini kwa kosa asilolijua mtu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Nami nikamjibu kwamba Msukuma haamshi mtu kwa kuwa mdomo wake saa zote umejaa ugali. Akacheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akabeba begi langu bila kuniuliza, akanipeleka kwake. Nikala wali wa Shinyanga kwa maziwa mgando, nikalala kitanda cha binti yake, na asubuhi akanirudisha stendi mwenyewe, akamwagiza kondakta wa gari la Tinde kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Huyu akisinzia, mpige kofi!"

Tinde

Sikusinzia. Nilishuka nikachukua bodaboda hadi kijijini. Kichwani nilikuwa na picha moja tu, ile mnayoijua, inayofunga filamu: Mama Kabula amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono shavuni, anatazama barabara aliyoondokea mumewe. Miaka yote hii, nikimfikiria, nilimwona pale pale kwenye kigoda.

Kigoda hakikuwepo. Alikuwepo Mzee Masanja, mdogo wa marehemu mumewe, anafunga kamba za jembe la ng'ombe. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwangaluka." Akanitazama. "Wewe si yule Mzaramo wa mashine? Umezeeka!"

Nikasema nimekuja kumwona shemeji yake. Akasema nikae kwanza nile. Nikasema nina haraka. Akasema basi nikae nile haraka. Ikaletwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, imepikwa na karanga, na kibuyu cha maziwa. Nikala. Nikiuliza Mama Kabula yuko wapi, ananisogezea bakuli. Nikauliza mara ya tatu, akanawa mikono polepole, ndipo akanijibu.

"Hayupo. Yuko Masumbwe huko, machimboni. Mwaka wa tisa huu."

Jamani, nilisikia baridi. Nikaona mjane mzee amefukuzwa kwao na dhiki, anaponda mawe juani. Nikauliza kwa sauti ya chini, ile sauti yetu ya watu wa filamu, "Anaishije huko, baba?"

"Ana karasha."

"Ana ugonjwa gani?"

Mzee Masanja aliniangalia kwa huruma. Akakunja ngumi mbili akazisaga moja juu ya nyingine. "Karasha! Mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji wanaleta mawe, yeye anawasagia. Ana vibarua watano na anawagombeza wote. Hata mimi nikienda ananigombeza."

"Nilidhani amekaa hapa. Kwenye kigoda."

"Nani, yule?" Mzee akageuka kumtafuta mtu wa kushuhudia ujinga wangu, hakumpata. "Yule akakaa lini?"

Nikaondoka Tinde na mfuko wa michembe ya kumpelekea, na kichwa kimevurugika. Njiani kwenda Kahama, tulipopita mgodi wa Buzwagi na vilima vyake vya mawe yaliyotolewa ardhini, abiria wenzangu wanabishana bei ya mpunga, mimi nilikuwa najiuliza swali moja. Ikiwa mwanamke huyu hakuwa amekaa, mimi nilipiga picha ya nani?

Kahama hadi Masumbwe, mwendo wa msiba

Kahama nililala vizuri, na asubuhi nikapata mchomoko, yale magari madogo ya abiria ambayo watu hupangwa mpaka mlango ufungwe kwa goti. Mimi nikapewa kiti cha mbele kwa ajili ya umri. Begi likaenda nyuma, na shuka langu, kwa kuogopa vumbi, nikalipakata.

Dereva, kijana mwenye fulana ya mpira, aliingia na muziki juu. Akageuka kunisalimia, akaliona shuka. Muziki ukazimwa.

"Pole sana, mama," akasema.

"Asante, baba," nikamjibu. Mtu akikupa pole safarini unapokea.

Huko nyuma nikasikia minong'ono, kisha pole zikaanza kuja mfululizo. Pole, mama. Pole, bibi. Mungu akutie nguvu. Nikasema, loo, watu wa Kahama wana adabu, wananipa pole ya safari wote. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Mama mmoja akanikabidhi ndizi mbivu akaniambia nijitahidi kula, maana wengi hukosa hamu. Nikala mbili.

Gari likaondoka taratibu, likaendelea taratibu. Malori yakatupita, bodaboda zikatupita, na mzee mmoja wa baiskeli mwenye mbuzi kwenye kapu akatupita, akavua na kofia. Safari ya saa moja na kitu ikawa saa ya pili, ikaingia ya tatu.

"Gari lina shida?" nikamwuliza dereva.

"Hapana, mama. Gari lenye msiba halikimbizwi."

"Msiba wa nani?"

Dereva akalitazama shuka. Nami nikalitazama: jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri mapajani mwa mwanamke aliyejifunga ushungi. Mtume! Walidhani nimebeba sanda.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini nilikuwa nimekula ndizi za watu na kupokea pole za watu njia nzima, ulimi ukawa mzito. Nikasema nitawaambia tukifika. Kumbe dereva alishapiga simu mbele. Tulipoingia stendi ya Masumbwe, akina mama saba walikuwa wamesimama na kanga zimefungwa viunoni, na niliposhusha mguu tu, wa kwanza akaangua kilio.

"Jamani, jamani! Subirini!" nikapiga kelele. "Hakuna aliyekufa! Hili ni la kuonyeshea filamu!"

Kilio kikakatika ghafla. Yule mama wa ndizi akashuka, akanitazama juu hadi chini.

"Wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo," nikasema. Ningesema nini?

Aisee! Ulikuwa mlipuko. Stendi nzima ilishika mbavu. Nikatozwa faini palepale na watani wa Kisukuma waliotokea kila upande: nicheze. Nikacheza, umri huu, mbele ya mafuta ya alizeti na magunia ya mpunga, na akina mama waliokuja kulia wakanipigia vigelegele. Dereva alikuwa anafuta machozi na fulana yake. Akakataa kuniacha hapo. "Mama karasha namjua," akasema, "nakupeleka mwenyewe, lakini safari hii nakimbiza."

Machimboni

Machimbo yenyewe siyataji. Wenyeji waliniomba, maana kuna mwamba mpya umetema dhahabu vizuri na hawataki wageni. Ni mji wa mabati na turubai, maduka ya chepe na tochi, msikiti na kanisa zikitazamana, na juu ya vyote kelele ya makarasha yakisaga mawe, mpaka unaisikia kwenye meno.

Nilimkuta amesimama mbele ya mashine yake, vumbi hadi kwenye nyusi, buti za mpira, kitenge kimekazwa, anamfokea mwanamume mwenye miraba minne kuhusu foleni ya magunia. Amenenepa. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikapaza sauti, "Shikamoo, Mama Kabula!"

Akageuka. Akakodoa. Akanyanyua mkono, na mtu mmoja akapunguza mwendo wa injini.

"Marahaba," akasema kelele ilipopungua. Kisha akaliona shuka. "Mayo! Miaka yote umepotea, leo unarudi na sanda. Umekuja kunizika?"

Nikapiga magoti chini kabisa, kwenye vumbi, si kwa utani. Nikamweleza yote. Kwamba niliapa, nikavunja. Kwamba nimeionyesha filamu kwa watu ambao hata sura zao sizijui, kabla yake. Kwamba nimekuja aione, na ruhusa ni yake: akikataa haitaonekana tena. Machozi yalinitoka, nakiri.

Mama Kabula alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniinua kwa kwapa moja, kama anainua gunia.

"Mimi nilidhani umekufa," akasema. "Nikakusamehe kama anavyosamehewa marehemu. Sasa kwa kuwa u hai, tutaanza upya. Umekula?"

Kibanda umiza

Picha haionekani juani, na yeye alitaka kuiona siku hiyohiyo. Akasema twende kibanda umiza, yale mabanda yenye giza ambamo vijana hutazama mpira kwa kubanana. Mwenye banda hakubisha. Huko hakuna anayembishia Mama Kabula. Tukafunga shuka ukutani, nikapanga projekta. Akaja na Minza, wa pili katika wale watatu wangu, ambaye sasa anapika chakula pale karashani, mwembamba vilevile na ulimi vilevile.

"Na Holo?" nikauliza.

"Holo tulimzika mwaka juzi," akasema Minza. "Alikuwa anakuulizia."

Nilitaka kutulia na hilo kidogo, lakini nje kulikuwa na fujo. Mwenye banda, mtu wa biashara, alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki: LEO FILAMU YA VITA. Wachimbaji walikuwa wanamiminika na kofia zao za tochi, wanataka mabomu. Nikasema hapana, hii ni ya Mama Kabula peke yake. Mama Kabula akasema, "Waache. Umewaonyesha Wazungu, utawanyima hawa?"

Nikawasha projekta. Filamu ikaanza.

Dakika tano za kwanza banda lilinung'unika. Bunduki iko wapi? Mbona wanatwanga tu? Kisha mmoja akasema, "Oya, si mama karasha yule!" Wakatulia tuli.

Nami nikakaa nyuma nimeuma kitambaa, nangoja sehemu ambayo watu wote hulia. Ikafika: Mama Kabula wa zamani, uso umejaa shuka zima, anasema, "Tangu aondoke, nyumba ni kimya." Kisha kimya kirefu. Nimesikia watu wakilia kwa kwikwi hapo katika miji mingi.

Mama Kabula akacheka. Alicheka kwa tumbo, akampiga Minza paja. "Unaikumbuka hii? Hapa, baada ya kusema hivyo, kuku akaingia ndani na kupiga kelele, nyumba yenyewe ya kimya! Wewe ukasema hata kuku anabisha!" Minza akachukua hapo, "Na Holo akajikojolea!" Banda likalipuka.

Na ikawa hivyo mpaka mwisho. Kila picha ilipokatika, wao wawili walisimulia kilichofuata. Hapa Minza aliteleza na ndoo. Hapa Holo alimwigiza mwenyekiti wa kijiji alivyokuwa anahesabu mgambo na kujihesabu yeye mwenyewe mara mbili. Walikumbuka kila kitu. Filamu yangu ya machozi iliwaua wachimbaji kwa kicheko. Na ile picha ya mwisho, ya kigoda na mkono shavuni, Mama Kabula akaitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hapa hukumbuki? Tulikuwa tumecheka mno. Ukasema tulieni, picha inaharibika. Ukasubiri. Ukasubiri mpaka tukachoka, tukanuna. Ndipo ukawasha."

Nilikumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka vizuri. Kanda zilikuwa chache, na nilikuwa nimefundishwa kwamba filamu ya vita ni machozi. Walipocheka nilizima ili nisipoteze kanda. Nilikuwa nazima kwa kidole hiki hiki.

"Mimi nilidhani mashine yako haili kicheko," akasema Mama Kabula. "Kama karasha langu lisivyokula mti. Nikasema labda ndivyo ilivyotengenezwa."

Wachimbaji walicheka, mimi sikuweza. Nikamwomba msamaha mbele yao wote. Akanitazama, na safari hii hakuwa anatania sana.

"Nililia, Mzaramo. Usifikiri sikulia. Hata leo nikitaka naweza. Lakini watoto sikuwalea kwa kulia. Jioni tulikuwa tunakaa watatu tunachekana, asubuhi tunaamka tunakwenda kulima. Vita vilinichukulia mume wangu. Wewe ukaja ukanichukulia kicheko."

Kisha Minza akasema, "Na ndizi za watu wa Kahama!" maana dereva alikuwa ameshatangaza habari zangu zote, na banda likacheka tena.

"Ruhusa?" nikauliza tulipotoka.

"Bado. Njoo kesho asubuhi na hiyo mashine yako. Shuka linabaki kwangu. Faini."

Asubuhi

Asubuhi ile Mama Kabula alifanya jambo ambalo, nikaambiwa, halikuwahi kutokea. Alizima karasha saa za kazi. Wachimbaji wakalalamika, magunia yamepangwa. Akawaambia wakanywe chai. Akaja kwangu akanyoosha kidole.

"Nimezima mashine yangu kwa ajili ya yako. Yako ikizimika leo, tutagombana."

Nikaweka kamera kwenye stendi. Yeye na Minza wakakaa kwenye benchi wamevaa vitenge vya kanisani, katikati wakaacha nafasi ya Holo. Nikawasha. "Haya, jisikieni huru."

Wakanitazama kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nikawachokoza, nikawatania, nikala hata michembe mikavu nikakohoa. Wapi! Minza alikuwa amekaza shingo mpaka nikaogopa itakatika. Dakika ishirini. Nikasema moyoni, haya ndiyo malipo yangu: kicheko kilipokuja nilikifukuza, sasa nakiita hakitaki.

Kwa kukata tamaa nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzo. "Mama Kabula, siku ile niliyowazima, kabla ya kile kigoda, mlikuwa mnacheka nini?"

Wakatazamana.

"Viatu," akasema Minza.

"Usianze," akasema Mama Kabula, na mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni.

Ni hivi. Siku mgambo walipoondoka, lori lilikuja shuleni kuwachukua. Walipewa buti. Mume wa Mama Kabula, Shija, hakuwa amevaa kiatu tangu azaliwe. Akazivaa, akapanda lorini, akasimama kwa fahari anapunga mkono. Kijiji kizima kinalia. Na Mama Kabula, mtoto mgongoni, akaona kwamba cha kulia amevaa kushoto, na cha kushoto kulia, vidole vinatazama huku na huku kama miguu ya bata. Lori likaondoka. Akalikimbilia, anapiga kelele, "Shija! Viatu! Umevaa kinyume!" Na Shija, mbele ya wanaume wenzake, asikubali kuaibika, akajibu kwa sauti kubwa, "Najua! Nitabadilisha Bukoba!"

"Bukoba!" Minza akapiga yowe. "Siku nzima ya safari!"

"Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume wangu," akasema Mama Kabula, na sasa alikuwa anacheka machozi yanamtoka, anashika benchi. "Wenzangu walisema nakupenda, walisema Mungu akulinde. Mimi nikasema viatu!" Na akacheka. Minza akacheka akamwangukia begani. Vibarua waliokuwa kwenye chai walikuwa wamesimama nyuma yangu wanacheka, nami nikawa nacheka na kulia pamoja, sijui kipi kilitangulia. Miaka yote hii nimezunguka na hadithi ya mtu huyu, na viatu vyake sikuwa navyo.

Na hapo, jamani, naapa sikukusudia. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe ukaenda kwenye kitufe. Kuzima. Watu wanacheka, picha inaharibika, mkono umezoea.

"MKONO!"

Mama Kabula alikuwa ameshasimama. Kwa umri ule aliruka kutoka kwenye benchi, akanidaka kifundo cha mkono, na akakishika. Hakukiachia. Tukasimama vile mimi na yeye, ananibana kwa mkono wa mtu anayeinua magunia, tunacheka, na kila nilipodhani tumemaliza Minza alisema "Bukoba" tukaanza tena.

Tulipotulia, aliniambia sikioni, "Sasa nenda kawaonyeshe. Ile, na hii nyuma yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Kabula."

"Wabeja, asante. Ondoka, nina magunia." Na karasha likawashwa.

Kicheko cha Holo sina. Minza anasema kilikuwa kikubwa kuliko vyao wote, na hicho hakuna wa kunirudishia. Nimeacha nafasi yake pale kwenye benchi, sikuikata.

Basi alikubali. Mtakapokuja kutazama, najua wataalamu wenu wa picha watanong'ona mwishoni. Watasema mama wa watu amezeeka, kamera imemshinda, maana dakika tatu nzima hakuna kinachoonekana isipokuwa maua ya kitenge yanatikisika mbele ya kioo cha kamera, na sauti za wanawake watatu wanacheka. Waacheni waseme. Alikuwa amenishika mkono.